Moto Uliojificha: Kutoka Kibatari Hadi Betri ya Simu

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliuliza hapa: betri zilizokwisha mnaziweka wapi? Nikajibiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya ukuta chini ya bati, kwenye droo pamoja na misumari na funguo, chooni, na mmoja akasema tu "mtoto anachezea, sista". Ndiyo nikaona niandike mfululizo huu.

Sitaanza na makatazo. Naanza na historia, maana sheria za moto tunazowafundisha watoto tumezirithi kwa bibi zetu, na bibi zetu waliishi na moto wa aina nyingine kabisa.

Moto wao ulionekana. Huku kwetu, iwe kwa Warangi, Wagogo, Waburunge au Wasandawe, moto ulikuwa kwenye mafiga na kila mtu alijua ulipo. Usiku haukuzimwa, ulifukiwa majivu, asubuhi mtu anafukua na kupuliza. Ukizimika kabisa, mtoto anatumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa. Wazee wa Kisandawe upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, watu wa uwindaji na asali, walijua kuupekecha kwa vijiti. Mtoto wa miaka miwili alishajua kwamba kile chekundu kinaunguza. Hakuhitaji semina.

Na nyumba yenyewe ilikuwa tembe. Siku hizi vijana wanaicheka, wanasema ni umaskini. Mimi siicheki. Paa lake ni miti, fito, halafu udongo juu. Udongo hauwaki. Ndani kulikuwa na vyungu, vibuyu, na ngozi ya ng'ombe ya kulalia. Kaa likiangukia ngozi inanuka, inajikunja, inakupa muda wa kuinuka na kumnyanyua mtoto. Shida ya tembe ilikuwa moshi, vifua na macho viliumia sana, na watoto kuangukia mafigani. Lakini nyumba nzima kuteketea kwa dakika chache halikuwa jambo la tembe.

Kisha mkoa wetu ukapitia Operesheni Dodoma, kuanzia 1970 na 1971, watu wakakusanywa vijijini. Chemba wakati huo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kondoa, tumekuwa wilaya mwaka 2012 tu. Nyumba zikabadilika polepole: nyasi, baadaye bati, baadaye dari. Ndani zikaingia nguo nyingi, mapazia, makochi, godoro. Lishikeni hilo neno godoro, nitalirudia.

SEHEMU YA 2

Jana baadhi yenu mmeniambia nimewakumbusha kijijini. Haya, leo kibatari.

Kibatari, au koroboi kama wengine wanavyosema, ni kopo, utambi na mafuta ya taa. Wenye uwezo walikuwa na chemli yenye kioo, na kwenye sherehe ikiwashwa karabai mtaa mzima unajua. Kwa mama mwenye mtoto, badiliko kubwa lilikuwa hili: kibatari kilichukua moto mafigani kikauweka mezani, kwenye kimo cha mkono wa mtoto, karibu na neti na pazia. Na mafuta yake yakakaa kwenye chupa ya soda. Mpaka leo watoto wanakunywa mafuta ya taa wakidhani ni maji. Ikitokea, usimtapishe na usimpe maziwa eti yakate sumu. Akitapika, mafuta yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Mlete kituoni hivyo hivyo.

Mshumaa nao ni ndugu yake kibatari. Juni 1994, bweni la Sekondari ya Shauritanga, Rombo, liliungua usiku, wasichana 42 wakafa. Agosti 2009 bweni la Sekondari ya Idodi, Iringa, nalo likaungua, wasichana 12 wakafa. Kote kuwili kilichotajwa ni mshumaa. Sijataja haya kuwatisha. Nataka muone kwamba waliokufa ni mabinti waliokuwa shule, wengine wakitafuta mwanga wa kusomea tu. Mwanga ndio uliokuwa shida.

Basi tulipopata mwanga mwingine tuliukimbilia, na tulikuwa na haki. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji? Wafanyabiashara walichanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuziba mchezo huo. Mchezo sijui kama uliisha wote, lakini kwa mama wa kijijini bei ilipanda. Wakati huohuo madukani zilijaa tochi za Kichina za bei nafuu, zenye vile vitaa vidogo vyeupe. Ndani ya miaka michache nyumba nyingi zikaacha koroboi bila hata kampeni. Si kwetu tu. Watafiti waliopita vijiji vya nchi kadhaa za Afrika walikuta hali ileile: mafuta ya taa yanaondoka, betri zinaingia, na zikiisha zinatupwa chooni au porini.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema nesi kasema turudi kwenye koroboi. Kuondoka kwa koroboi ni jambo jema sana, macho na mapafu ya watoto wetu yamepona. Ninachosema ni kwamba moto haukuondoka nao. Ulibadilisha nguo.

SEHEMU YA 3

Leo ni ndefu, wekeni maharage jikoni kwanza.

Betri ya kwanza ilitengenezwa na Mwitaliano Alessandro Volta mwaka 1800. Ilikuwa rundo la visahani vya metali mbili tofauti vilivyotenganishwa na vitambaa vyenye maji ya chumvi. Baadaye, miaka ya 1880, Mjerumani Carl Gassner akatengeneza betri kavu, isiyomwagika ukiinamisha. Bila yeye hakuna tochi ya kushika mkononi wala redio ya kubeba.

Kwetu Tanzania betri ina kwao pia. Mwaka 1966 Wajapani wa Matsushita walianza kiwanda Dar es Salaam, wakitengeneza redio na betri. Ndizo National ambazo baba zetu walizisifu. Na sisi watu wa afya tuna deni kwa betri hizo. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, wakisikiliza redio pamoja: malaria, kuhara damu, minyoo ya safura, kichocho, kifua kikuu. Wakisikiliza wanajadili, wakitoka wanachimba vyoo, wanafyeka majani. Vijiji vile havikuwa na umeme, redio iliendeshwa na betri. Kwa hiyo nikisema betri ni hatari, najua pia choo cha bibi yako huenda kilichimbwa kwa sababu yake.

Betri wakati huo ilikuwa mali. Ikichoka inaanikwa juani, inaumwa meno, wengine wanaichemsha, ilimradi taarifa ya habari isipite. Ikifa kabisa inapasuliwa, ule unga mweusi unapakwa ubao wa darasani. Hayo ya kupasua na kuchemsha acheni. Majimaji ya ndani yanaunguza ngozi, na jichoni ni balaa. Kuitupa kwenye jiko ndiyo mbaya zaidi, inapasuka na kurusha makaa usoni kwa aliyekaa jirani, na anayekaa jirani na jiko ni mama na mtoto.

Sasa, moto unatokaje kwenye betri ambayo haijawashwa? Betri ina ncha mbili, chanya na hasi. Umeme uliomo unatafuta njia ya kutoka ncha moja kwenda nyingine. Kwenye tochi njia hiyo inapita kwenye taa, inakupa mwanga. Lakini ukiweka kipande cha chuma kigusane na ncha zote mbili, funguo, sarafu, msumari, umeme unapita hapo wote kwa mkupuo, na chuma kinapata moto. Betri ya tochi ya kawaida ina ncha moja huku na nyingine kule, kwa hiyo si rahisi sarafu moja izifikie zote. Kwenye redio ya zamani zilipangwa mstari ndani ya sanduku, zimetulia. Tulizoea hivyo, tukaamini betri haina neno.

Mwaka 1956 huko Marekani ikaja betri ndogo ya pembe nne, ya volti 9, kwa ajili ya redio za transista. Mnaijua: ipo kwenye vipaza sauti visivyo na waya vya kanisani na harusini, kwenye vipimo vya mafundi umeme, kwenye vitoto vya kuchezea vya gari. Hii vichwa vyote viwili viko juu, vimekaa bega kwa bega. Sarafu moja inatosha. Ufunguo mmoja unatosha. Na ile stiliwaya ya kusugulia sufuria ndiyo mbaya kuliko vyote: nyuzi zake ni nyembamba, zikigusa vichwa hivyo zinawaka hapo hapo kama utambi. Siwaambii mjaribu! Nawaambia ili mkifungua droo ya jikoni muangalie nini kimelala na nini. Betri "iliyokwisha" mara nyingi bado ina nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo, hata kama kipaza sauti kimeikataa.

Kama kuna anayedhani cheche ya betri ni kitu kidogo, akumbuke Msamvu, Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba kuna mtu alikuwa anang'oa betri ya lori lile. Cheche, na mvuke wa petroli umeshatanda. Walikufa zaidi ya watu 100. Tulilaumu sana tamaa ya petroli, na betri ikasahauliwa haraka. Mimi huwa nawaza nyumba za huku ambako mume anauza petroli ya bodaboda kwa chupa, chupa ziko chumba kimoja na betri ya sola. Ni Msamvu ndogo, imekaa inasubiri mtu mmoja alegeze waya.

SEHEMU YA 4

Betri ya gari ambayo tumeifanya ya sola na TV nitaipita haraka, maana wengi wenu mnaijua. Kabla umeme wa REA haujatufikia, watu walibeba betri hizi kwa baiskeli kwenda kuchajiwa senta. Ndani mna tindikali. Ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, haionekani wala hainuki, nayo inalipuka kwa cheche. Kwa hiyo isichajiwe chumba anacholala mtoto, dirisha liwe wazi, na mtu asiwashe kiberiti kuchungulia kama maji yamepungua. Kwisha.

Sasa twende kwenye simu, maana ndiyo imejaa nyumbani kuliko kijiko.

Betri ya lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991, Wajapani wa Sony. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuivumbua na kuikuza, na walistahili. Lakini tofauti yake na National ya babu ni kubwa. National ndani ina uji usiowaka. Ya lithiamu ina kimiminika ambacho chenyewe ni mafuta ya moto, na kati ya upande chanya na hasi kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Utando ukitoboka, kwa kukaliwa, kudondoka, kuloa au kuchajiwa vibaya, joto linaanza ndani kwa ndani, nalo linazaa joto lingine, na mwisho betri inafuka na kuwaka. Mwaka 2016 Samsung, kampuni kubwa kabisa, ilitoa simu ya Galaxy Note 7 mwezi Agosti, kufika Oktoba imeiondoa sokoni kabisa kwa sababu ya betri zilizokuwa zinawaka. Kama hao waliteleza, ile betri ya elfu tano isiyo na jina uliyonunua mnadani tusiipe heshima ya bure.

Ishara yake kubwa ni kuvimba. Simu ikikaa mezani inazunguka kama pia, au mfuniko wa nyuma hauingii, ujue gesi imeshajaa. Watu wanaikandamiza, wanaitoboa kwa sindano "itoe hewa", wanaibana na raba. Jamani! Utando ule ndio unautoboa kwa mkono wako. Na ile chaja ya kubana betri peke yake, wengi wanaiita kobe, haijui betri imejaa au imeharibika, inaisukumia tu umeme.

Hapa ndipo godoro linaporudi. Simu inachajiwa wapi usiku? Kitandani, chini ya mto, ili kengele isikike. Na kitanda siku hizi ni sponji. Sponji hii ni plastiki iliyotiwa hewa, chimbuko lake ni kazi ya Mjerumani Otto Bayer mwaka 1937, na imetokana na mafuta ya petroli kama kibatari kilivyokula mafuta ya taa. Ikishika moto haikupi muda kama ngozi ya ng'ombe. Inawaka kwa kasi, inadondosha matone ya moto, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi. Wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba moshi ndio unawamaliza, wakiwa bado usingizini.

Bibi aliweka kaa jekundu hatua kadhaa kutoka kwenye ngozi isiyowaka haraka, chini ya paa la udongo, akiwa anaona. Sisi tunaweka kaa lisiloonekana ndani ya mto wa plastiki, kando ya sikio la mtoto, tumefunga dirisha kwa kuogopa mbu, na nondo juu kwa kuogopa wezi. Kisha tunamwambia mtoto asichezee kiberiti.

Simu ichajiwe juu ya kitu kigumu kisichowaka: sakafu ya saruji, kigae, sinia la bati, nje ya kitanda. Ukiamka ukaona inafuka au inatoa sauti kama ya kukaanga, usiishike. Toa watoto kwanza, funga mlango wa chumba hicho nyuma yako, piga yowe. Zimamoto ni 114, pigeni, lakini ukiwa Ovada au Sanzawa anayefika kwanza ni jirani, kwa hiyo jirani naye asome hii. Kama ni simu tu, haiko kwenye umeme na moto haujaenda popote, maji mengi ukimwagia ukiwa mbali yanasaidia kuipoza. Ikiwa imeshashika godoro, achana nayo. Moshi ule ni pumzi chache tu.

SEHEMU YA 5, YA MWISHO

Kuna betri moja inaunguza bila moto. Ni ile kama sarafu, ya rimoti za gari, saa, mizani ya jikoni, vitaa vya mapambo, kadi zinazoimba. Mtoto anaiona inang'aa, anameza. Ikikwama kooni, ile unyevunyevu ya mwili inakuwa ndiyo ufunguo wa kuunganisha ncha mbili. Umeme unapita, unatengeneza magadi makali pale pale, na ndani ya saa mbili nyama ya koo inaweza kuungua vibaya. Kwa nje huoni kitu. Anatoa udenda, anakataa chakula, anakohoa, au hana dalili yoyote anacheza tu.

Ukihisi amemeza, neno la kwanza getini liwe "betri". Usiseme "amemeza kitu". Msikae foleni, anahitaji picha ya eksirei haraka, hata kama ni safari ya Dodoma mjini. Usimtapishe. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anameza vizuri, na hazijapita saa 12, njiani mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, isizidi mara sita. Asali inapunguza kuungua wakati mnasafiri, na kwa asali sisi watu wa Chemba hatuna shida. Ila msichelewe kuondoka kwa kuitafuta, na chini ya mwaka mmoja usimpe kabisa. Ikiwa ameiingiza puani au sikioni, usitie matone ya aina yoyote.

Kwa aliyeungua ngozi ni maji. Maji ya kawaida, yakimiminika, dakika 20. Najua huku maji ni ya kununua, kwa hiyo weka beseni chini, uchote yale yale umimine tena. Dawa ya meno, unga, yai, mafuta ya kula, vyote vinaziba joto ndani na sisi tunakuja kuvibandua mtoto akilia.

Na lile swali la wapi tuziweke, maana huku hakuna gari linalopita kukusanya. Kata vipande vya selotepu, ziba vichwa vya betri za volti 9 na pande zote mbili za zile za sarafu. Ziweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pasipofikiwa na mtoto, mbali na stiliwaya, misumari na kiberiti. Hata mpya zisitolewe kwenye pakiti kabla ya kutumika. Mtu wa nyumbani akienda mjini, aulize wanaonunua vyuma chakavu na betri za gari kama wanazipokea. Iliyovimba ya simu isiingie kwenye kopo hilo. Ikae peke yake nje, kwenye chungu chenye mchanga mkavu, mbali na nyasi na banda la mbuzi, na fundi akija kuichukua umwambie imevimba kabla hajaitia mfukoni.